Alama Ndani ya Saa ya Mwalimu

Kila asubuhi, saa moja na dakika ishirini, napewa dakika saba redioni niwashangaze watu. Kipindi kinaitwa hivyo hivyo, Dakika Saba. Kazi yangu ni kuokota mambo ya ajabu ya historia, ya sayansi na ya kazi za mikono, kisha kuyasema kwa sauti ya mtu aliyeyagundua jana jioni. Pweza ana mioyo mitatu. Vyungu vilivyofukuliwa ardhini baada ya maelfu ya miaka bado vina alama za vidole vya waliovifinyanga. Australia kuna mnyama anayeitwa wombati, na mavi yake hutoka na pembe kama tofali. Hilo la wombati nililisema watu wakiwa wanakunywa chai, na bosi akaniita ofisini kuniuliza kama nina akili timamu. Nilimwonyesha vyanzo viwili. Ndiyo kanuni yangu: jambo halitoki mdomoni mwangu mpaka nimelipata kwa watu wawili wasiojuana.

Nayasema yote hayo na hakuna hata moja linalonishangaza. Huu ni mwaka wa pili nimekufa ganzi. Binti yetu alifariki akiwa na miaka minane. Tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa haishiwi maneno, alikuwa anaongea hata akipiga mswaki, na mpaka leo mtaani naitwa Mama Chiriku, nami naitika. Mazishini sikulia. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Wala sikujikaza, hakukuwa na kitu cha kukaza. Baada ya wiki mbili nilirudi kazini, na msikilizaji mmoja akapiga simu kusema sauti yangu sasa imekuwa nzuri zaidi, imetulia.

Siku ile pumu ilimbana Chiriku akiwa shuleni. Saa saba mchana nilikuwa nimeshamfikisha hospitali, nikampigia simu baba yake. Mume wangu ni fundi saa, na duka lake liko upande wa pili wa mji. Akasema, "Nakuja." Nikapiga tena mara mbili, simu ikaita weee, haikupokelewa. Saa nane na nusu Chiriku akasogeza pembeni kile kinyago cha hewa, akaniuliza, "Baba yuko wapi?"

Nikamwambia, "Yuko njiani."

Hilo ndilo neno la mwisho la maana nililomwambia akiwa ananisikia. Saa tisa na robo hakuwepo tena. Baba yake alifika saa kumi na robo, shati limelowa jasho mpaka kiunoni. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia, "Nilimwambia uko njiani." Akanitazama kitambo kizima. Kisha akasema, "Nilikuwa njiani. Lori lilipinduka, magari yakasimama, nikashuka nikatembea."

Basi, hilo nililishika. Kuna watu hubaki na gauni la mtoto, kuna wanaobaki na daftari. Mimi nilibaki na hilo, kwamba neno la mwisho nililompa mwanangu lilikuwa la kweli. Nguo zake nilizigawa zote bila hata kuzinusa. Lakini hilo neno nililala nalo na kuamka nalo, na katika mambo yote niliyopata kuyaamini maishani, ndilo pekee ambalo sikulitafutia chanzo cha pili.

Mimi na mume wangu tunaishi kwa adabu sana. "Nipe chumvi." "Asante." "Maji yamekatika." Hatugombani, na wala hatununiani. Ukituona mezani ungedhani ni wageni wawili waliokutanishwa na uhaba wa viti. Mwezi uliopita nikaishiwa mada kabisa, na asubuhi moja wakati wa chai nikamwuliza.

"Nimekauka. Naweza kusema ile ya alama zenu?"

"Alama zipi?"

"Mnazokwaruza ndani ya saa."

Aliacha kutafuna. Akautazama mkate wake kama mtu anayesoma maandishi madogo, halafu akasema, "Sema tu. Si siri."

Nikasema. Niliwaambia wasikilizaji kwamba mafundi wengi wa saa, tangu zamani, wakishatengeneza saa huchukua sindano na kukwaruza alama ndogo sana upande wa ndani, mahali ambapo mwenye saa hatazami: alama ya fundi na tarehe. Saa ya babu yako inaweza kuwa imebeba mikono ya mafundi sita na wewe hujui. Kisha nikaongeza jambo la fundi mmoja ninayemfahamu, bila kusema kwamba ninalala naye kitanda kimoja. Yeye huandika pia na wakati, ile dakika mashine ilipoacha kuwa kimya na kuanza kwenda tena. Aliyemfunza kazi alimwambia kwamba usipojua saa ilianza lini, utajuaje kama inakimbia au inachelewa? Nikafunga kipindi kwa kusema: kafungueni, mtuletee mlichokiona.

Sijui nilifikiri nini. Mji mzima ulifungua saa. Mama mmoja alifungua saa ya ukutani ya mumewe, hakukuta alama, akakuta karatasi yenye namba ya simu na moyo uliochorwa kwa wino mwekundu, akanipigia kuomba ushauri. Nikamwambia samahani, kipindi changu ni cha historia. Wengine walifungua wakashindwa kufunga, na siku iliyofuata watu tisa walijipanga dukani kwa mume wangu na vyuma ndani ya mifuko ya plastiki. Jioni aliniambia, "Umenitafutia kazi." Kwa mwaka mzima hilo ndilo neno lililokaribia utani nyumbani kwetu.

Picha zikamiminika kwenye simu ya studio. Fundi mitambo wetu, kijana anayependa kula karanga juu ya mitambo ya watu, ndiye aliyekuwa akizipitia. Siku ya tatu akaniita.

"Mama Chiriku, njoo uone. Hii si ya mzee wako?"

Akaikuza picha. Ilikuwa sahani ya shaba ya saa ya ukutani, ile ya kutia ufunguo. Chini kabisa kulikuwa na mwezi mwembamba wenye nukta tatu, na hiyo ndiyo alama ya mume wangu, naijua kama ninavyolijua kovu la kidevuni pake. Kando ya mwezi palikuwa na tarehe. Niliisoma kama ninavyosoma tarehe yoyote, na nilikuwa nimeshaipita ndipo nikairudia. Ilikuwa siku aliyokufa Chiriku. Kisha palikuwa na saa: tisa na dakika arobaini, alasiri.

"Ni yake?" kijana akauliza.

"Ni yake," nikasema. "Mwenye saa ni nani?"

"Mwalimu mmoja mstaafu. Ameacha na anwani yake, anataka umtaje hewani."

Nilisubiri nisikie kitu moyoni. Sikusikia kitu. Nilitafuta njia ya kuikana ile picha. Labda alikosea. Lakini mtu huyu hukwaruza alama zake akiwa ameshika pumzi, na hajawahi kukosea hata tarehe ya siku yake ya kuzaliwa, ambayo hasherehekei. Labda picha ni ya uongo. Labda kuna fundi mwingine mwenye mwezi. Nikajiambia, wewe si ni mtu wa vyanzo viwili? Katafute cha pili.

Mwalimu alikuwa anaishi ghorofa ya tatu, kwenye vyumba viwili vilivyojaa vitabu mpaka jikoni. Alifurahi kuniona, akanikalisha, akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. "Karibu, mwanangu. Kumbe ndiyo wewe wa pweza! Kwa sauti nilidhani ni mtu mnene." Saa ilikuwa ukutani juu ya kabati. Akaishusha mwenyewe, akafungua kijimlango cha nyuma, akanipa na tochi. Alama ilikuwepo, nikaigusa kwa ukucha.

"Unaikumbuka siku hii, mwalimu?"

"Nitaisahauje? Nilikaa kwenye benchi la yule fundi tangu saa sita. Nilimwambia siondoki bila saa yangu, maana nilikuwa nimeshazungushwa na mafundi wawili kabla yake. Mtu mwema sana. Ana mikono, lakini hana mdomo."

"Hakutoka kabisa?"

"Hakutoka. Alipigiwa simu tu, saa saba hivi, bahati alikuwa ameishika. Alipomaliza nikamwuliza kuna nini, akasema mtoto kabanwa na kifua. Nikamwambia, basi nenda bwana, nitarudi kesho. Akasema kifua chake ndivyo kilivyo, mama yake yuko naye, na hii imebaki kidogo. Akairudisha simu kwenye kopo lake."

Hilo kopo nalijua. Mume wangu huifungia simu kwenye kopo la maziwa na kuiweka kwenye rafu ya mwisho, kwa sababu sumaku ya simu huharibu nyuzi laini za saa za mkononi. Humo ndani mlio wake hausikiki. Nilikuwa na vyanzo viwili sasa.

"Na mwaka jana nilimpelekea tena kuitia mafuta," mwalimu aliendelea. "Akaifungua, akakaa akiitazama ndani mpaka nikamwuliza kama imeharibika. Akasema hapana, iko sawa." Akaining'iniza saa mahali pake, akaugusa mshale mkubwa kwa kidole. "Hivi yule mtoto wake, alipona?"

"Hakupona."

"Aa. Wewe umejuaje?"

"Ni wangu," nikasema.

Mwalimu akaenda jikoni. Akaniletea maji kwenye glasi, nikayanywa yote kwa sababu yaliletwa, nikamshukuru, nikashuka ngazi. Kwenye ngazi ya pili ndipo nilipogundua nakanyaga kwa kishindo. Ilikuwa hasira. Nilikuwa nimeisahau ilivyo, na ilinichukua mpaka mtaa wa chini kuitambua. Nilikuwa na hasira ya kweli, ya kutaka kuvunja kitu cha mtu, na nilitembea nayo mji mzima huku nikiogopa isije ikaniishia njiani.

Dukani alikuwa peke yake. Ni chumba chembamba, meza mbele, benchi pembeni, na ukuta mzima ni saa, kila moja na wakati wake kwa kuwa zile zilizo kwenye matengenezo hazijapatana bado. Alikuwa ameibana lenzi yake jichoni. Aliponiona akaitoa. Tangu msiba sikuwahi kukanyaga pale.

"Saa ya mwalimu," nikasema.

Hakuuliza mwalimu gani. Akaweka koleo yake ndogo juu ya kitambaa, akaisogeza mpaka ikanyooka.

"Sema ulikuwa wapi."

"Hapa."

"Na lori?"

"Hakukuwa na lori."

"Mtoto anakata roho, wewe unakaza skrubu!"

Nilipiga kelele, na mojawapo ya saa za ukutani ikaamua kugonga wakati huo huo, ikagonga saa nne mchana wa saa nane. Tulingoja imalize, maana hakuna namna ya kugombana juu ya mlio ule.

"Kifua chake kilikuwa kinambana kila mwezi," alisema. "Mara ngapi tulimpeleka tukarudi naye anaimba? Nilidhani ni hivyo hivyo. Nilijiambia namalizia hii, nafunga, nakuja. Nilipotoa simu kwenye kopo nikaona umepiga mara mbili. Sikungoja basi. Nilikimbia."

"Ukaja ukanidanganya."

"Nilikuja kusema ukweli. Njia nzima nilikuwa naupanga. Nitamwambia nilichelewa, nilikuwa na kazi, anisamehe. Sikujua kama ameshakufa, nilidhani nakuja kugombezwa." Alikuwa anaongea na ile koleo. "Nikafika mlangoni, nikaona uso wako. Na wewe ukanitangulia. Ukaniambia umemwambia niko njiani. Sasa ningesema nini, mke wangu? Niseme umemdanganya mtoto? Nikasema nilikuwa njiani. Lori lilikuja lenyewe, sijui lilitoka wapi. Miaka miwili nimelibeba hilo lori."

Nilikaa kwenye benchi. Hasira bado ilikuwepo, lakini sikujua tena niielekeze kwa nani. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu anayejitetea. Huyu hakuwa ameweka hata neno moja la kujificha nyuma yake.

"Mwaka jana aliileta utie mafuta," nikasema. "Ungeweza kuifuta."

"Alama ya fundi haifutwi."

"Hata hiyo?"

"Hata hiyo. Ukifuta moja, zote zinakuwa uongo."

"Na mimi nilipokuomba nizisimulie redioni? Ulisahau?"

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie. Macho yake ni mekundu siku zote kwa ajili ya kazi, kwa hiyo sikuweza kusoma kitu. "Sikusahau," alisema. "Nilijua iko wapi, nilijua ina tarehe gani. Nilikaa na ule mkate mdomoni nikajiambia, akinikataza Mungu, nitakataa. Hakunikataza. Nilikuwa nimechoka, Mama Chiriku. Nilitaka ujue na sikuwa na mdomo wa kukwambia."

Kwa hiyo alikuwa ameniachia mlango wazi mwenyewe, na mimi nikautangaza mji mzima. Ningekuwa na nguvu ningecheka. Nilikaa nikisikiliza zile saa zisizopatana, na polepole kikanijia kitu ambacho kwa miaka miwili nilikuwa nakikwepa kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kukifunika na lile lori lake. Nilimwambia, kwa kuwa yeye alikuwa amesema lake.

"Mimi nilikuwa sijui uko wapi."

"Lini?"

"Nilipomwambia uko njiani. Ulikuwa hupokei simu. Sikujua kama umetoka, sikujua kama unakuja. Nilisema tu, ili atulie, arudishe kinyago puani." "Ulipokuja ukasema ulikuwa njiani, nilishukuru. Mwanangu amelala pale nyuma yangu, na mimi nashukuru kwamba sikumdanganya. Hukunidanganya peke yako. Uongo wako niliudaka kwa mikono miwili."

Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo haikuwa chafu, akafuta mpaka ukingoni, akasimama. Nilimjua mume wangu vya kutosha kujua kuna swali limemkwama, na nilijua ni lipi, kwa sababu ni lile ambalo nilikuwa nikimwombea asiniulize tangu siku ile.

"Aliamini?" akauliza.

Ningeweza kumwambia hakusikia. Ningeweza kumwambia alikuwa ameshalala. Chumbani mle tulikuwa wawili tu, mimi na mtoto, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kwenda kuulizwa.

"Aliamini," nikasema, na sauti ile iliyotulia, ile wasikilizaji wanayoipenda, ikakatika. Nililia kwa sauti, kichwa kikiwa magotini, nililia mpaka mteja mmoja aliyekuwa anaingia na mfuko wake wa vyuma akarudi kinyumenyume akafunga mlango taratibu. Mume wangu alikuja akakaa benchini, si karibu sana. Akangoja.

"Aliniambia nimgeuzie mto," nikasema nilipoweza. "Ili auone mlango. Nikamgeuzia."